Wasomi wa Miaka Mitatu, Miti ya Miaka Mia

Agosti 2010, vyura mia moja kutoka Marekani walishushwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Walikuwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa wao hafiki sentimeta tatu, na wakati huo hapakuwa na hata mmoja wa aina yao aliyejulikana kuishi porini popote duniani. Hawakupelekwa hifadhi ya taifa wala bustani ya wanyama. Walipelekwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kituo kilichoandaliwa kwa ajili yao chini ya wataalamu wa zoolojia. Huko joto na unyevu vilipimwa kila siku, na wadudu wa kuwalisha wakafugwa palepale chuoni.

Huyo ndiye chura wa Kihansi. Kwao ni korongo la Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, pale maporomoko yalipokuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana juu ya majani na mawe. Eneo lote alilolitegemea ni kama hekta mbili, yaani ekari tano hivi. Wapo wakulima wengi wa nchi hii wenye shamba kubwa kuliko hapo. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto waliokamilika viungo vyote. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996 na wakamtangaza rasmi kwa jina la kisayansi mwaka 1999. Miongoni mwa waandishi wa andiko hilo alikuwamo Kim Howell, profesa wa zoolojia aliyefundisha Mlimani kwa miaka mingi.

Alipoonekana kwa mara ya kwanza, ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 kwenye mto huohuo ulikuwa umekwisha kuanza. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, sehemu kubwa ya manyunyu ilikatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni. Mwishoni mwa 2000 vyura wapatao 500 wakachukuliwa kwenda Bronx Zoo, New York, kama akiba. Waliobaki korongoni walikadiriwa kufika 20,000 hivi katikati ya 2003, kisha wakaporomoka kwa miezi michache tu hadi wakawa hawaonekani. Ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 akaingizwa katika orodha ya viumbe waliotoweka porini. Kuanzia 2012, vyura waliozaliwa kwa uangalizi wa watu walianza kurudishwa korongoni.

Darasani kisa hiki husimuliwa kama mvutano wa umeme na chura. Nchi inahitaji umeme, na sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni mpangilio wa kazi. Fundi alitangulia, mwenye daftari akafuata. Laiti orodha ya viumbe wa korongo lile ingekuwapo mezani kabla ya kuchora bwawa, huenda maji yangegawanywa vingine tangu mwanzo, na ile safari ya kwenda New York na kurudi isingehitajika. Orodha ilichelewa, na gharama ya kuchelewa huko imelipwa kwa miaka mingi na fedha nyingi.

Nasema haya kwa sababu Mlimani penyewe, pamoja na vyuo vingine vingi katika ukanda wetu, panajengwa kwa kasi. Chuo kilianza mwaka 1961 mjini kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikahamia kwenye kilima hiki mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Miaka hiyo pembezoni mwake palikuwa na mapori na mashamba. Leo kimezungukwa na Msewe, Changanyikeni, Ubungo na Mwenge. Ndani yake yameongezeka majengo makubwa: Mlimani City katika ardhi ya chuo, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na maktaba mpya iliyofunguliwa 2018. Wanafunzi walihitaji vitanda na vitabu, na ni jambo la kushukuru kwamba wamevipata. Lakini kila jengo hukaa mahali, na kila mahali palikuwa na wenyeji wake kabla ya mkandarasi kufika na kamba na mambo.

Wenyeji hao ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Misitu na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki vina tabia moja inayovifanya vitazamwe sana na wataalamu duniani kote: mimea na wanyama wake wengi huishi katika eneo dogo mno. Aina inayoota kwenye kilima hiki huenda isionekane kwenye kilima cha pili. Pori la Akiba la Pande, kaskazini-magharibi ya Dar es Salaam, lina ukubwa wa kilometa za mraba 12 hivi, na bado lina mimea ambayo haijapata kuonekana popote pengine. Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni mabaki ya misitu ya kale sana ambayo miaka mingi imeliwa na mkaa na mashamba. Kwa hiyo kichaka kilicho nyuma ya bweni, chenye miiba na takataka, ambacho kila mtu anakiita pori tu, hakifai kufyekwa kabla mtu anayejua kutazama hajapita humo.

Mtu huyo kwa kawaida ni mwanafunzi. Mlima huu umejulikana Afrika nzima kwa siasa. Ndipo aliposomesha mwanahistoria Walter Rodney, ndipo alipopita Yoweri Museveni akiwa kijana. Kazi ninayoizungumzia haina majukwaa wala mabango. Ni ya wanafunzi wa botania, zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori wanaoamka kabla ya jua kukagua mitego. Panya na viumbe wengine wadogo hunaswa kwenye visanduku vya bati vyenye chambo cha nazi iliyokaangwa na kupakwa siagi ya karanga. Vyura na mijusi hukamatwa kwa ndoo zinazofukiwa hadi mdomoni, zikiunganishwa na ukuta mfupi wa plastiki unaowaelekeza kudumbukia. Ndege huhesabiwa kwa masikio zaidi kuliko macho, alfajiri, kabla magari hayajaanza. Kila anayenaswa hupimwa, huandikwa, kisha huachiwa pale alipokamatwa.

Mimea ina utaratibu wake. Tawi lenye ua au tunda hukatwa, hulazwa kati ya kurasa za gazeti, hubanwa kwa mbao na mikanda, hukaushwa, kisha hushonwa au kugundishwa kwenye karatasi ngumu pamoja na kibandiko chenye jina, mahali, tarehe na jina la aliyekusanya. Hivyo ndivyo inavyojazwa hebaria, hazina ya mimea mikavu, na Mlimani wanayo. Kielelezo kilichokaushwa vizuri kinaweza kudumu zaidi ya miaka 200. Napenda kuwaza kwamba hata gazeti hili, likishasomwa, linaweza kuishia kazini humo.

Hapo ndipo penye nguvu ya mwanafunzi, na hapohapo ndipo penye udhaifu wake. Shahada nyingi za kwanza nchini ni za miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mtu anatafuta chumba na kusubiri bumu la mkopo. Mwaka wa pili anajifunza kutofautisha mvule na mkuyu. Mwaka wa tatu anafanya mradi wake wa utafiti, anakaa kichakani wiki kadhaa, anahesabu, anachora grafu, anasahihishiwa, anahitimu. Nakala inabaki kwenye rafu ya idara, mwenye kuandika anakwenda kutafuta ajira, na Novemba anakuja mwingine anayeanza moja, wakati mwingine kwenye kichaka kilekile, bila kujua kwamba kuna aliyemtangulia. Hesabu ya mwaka mmoja inatuambia kuna nini. Hesabu za miaka 30 zinatuambia kinachopungua. Vyuo vyetu vina nyingi za aina ya kwanza, na mara nyingi zinalala bila kuunganishwa ziwe za aina ya pili.

Udhaifu huohuo unaonekana katika shughuli inayopendwa kuliko zote, yaani kupanda miti. Aprili mosi ni siku ya taifa ya kupanda miti, na inafaa, maana masika yamekolea. Klabu za wanafunzi hutoka na fulana, viongozi huja, picha hupigwa. Kisha mvua hukatika mwishoni mwa Mei, mitihani huanza, na Julai chuo hufungwa. Mche uliopandwa Aprili unakabili kiangazi kizima bila mwenyewe. Nimeona vijiti vikavu vya kutosha kwenye vyuo vya nchi hii, vikiwa bado na vibao vya majina ya waheshimiwa waliovipanda, kujua kwamba siku ya kupanda si kazi ngumu. Kazi ngumu ni Agosti.

Kuna na swali la mti gani. Mwarobaini tumeuzoea hadi tunaudhani wa kwetu, lakini asili yake ni Asia. Mjohoro nao ni mgeni kutoka Asia. Yote huota haraka na kutoa kivuli, na kivuli ni kitu chema, hasa Dar es Salaam. Ila ndege na vipepeo wanaotegemea mimea ya pwani hawapati riziki ileile humo. Mpingo, mti wetu wa taifa, huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayepanda mpingo chuoni anapanda kwa ajili ya wanafunzi ambao babu zao hawajazaliwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye si mwanafunzi wa kuukumbuka, na lazima iandikwe mahali kwamba upo, ili fundi wa mfereji asije akaupitishia chepeo mwaka wa tano. Mkongo na mvule vinadai uvumilivu uleule. Na mara nyingi njia bora kuliko kupanda ni kuacha: kulizungushia uzio eneo lenye vichaka vya asili, kuzuia moto na kufyeka, na kuiacha mbegu iliyomo ardhini ifanye kazi yake yenyewe.

Tumbili wanahitaji neno lao. Aliyesoma Mlimani anawajua: wanapita juu ya mapaa ya mabweni, wanaingia madirishani, wanaondoka na mkate. Wengi wanaona hiyo ni kero, wengine burudani, na wapo wanaowarushia chipsi ili wapige picha. Kuwalisha ni kuwaharibu. Tumbili anayezoea chakula cha binadamu anaacha kuogopa, anaanza kunyang'anya, siku moja anauma mtu, na hapo inatafutwa dawa ya kumwondoa yeye, si ya kumwondoa aliyemzoesha. Pipa la taka lisilo na mfuniko lina kosa hilohilo, tena lina la pili: linamlisha kunguru.

Kunguru huyu wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akavuka bahari, akaenea pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kwa miongo kadhaa Dar es Salaam imempiga vita kwa mitego na sumu, na kila kampeni ikilegea anarudi, kwa sababu tumemwachia meza imetandikwa. Ukitaka kusikia tena ndege wadogo kwenye bustani za mabweni, anza na pipa la kafeteria. Hii ni kazi ambayo serikali ya wanafunzi inaweza kuifanya bila kusubiri mfadhili: kuhesabu mapipa yasiyo na vifuniko, kuwabana wenye vibanda vya chakula, kurudi kukagua wiki inayofuata. Haina mvuto wa picha, na pengine ndiyo maana inafanywa kwa nadra, lakini faida yake kwa ndege ni kubwa kuliko miche mingi inayokufa kiangazi.

Ari ya vijana katika mambo haya haikuanza jana. Wildlife Clubs of Kenya zilianzishwa mwaka 1968, na vijana wa shule ndio walioziasisi. Klabu za Malihai zilianza Tanzania mwaka 1980. Roots & Shoots ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, ambayo sasa iko katika nchi nyingi duniani, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 walipokaa barazani kwake kumweleza yanayowasumbua kuhusu mazingira yao. Goodall alifariki Oktoba 2025, lakini barazani pale palikuwa hapahapa kwetu, na wengi wa vijana wetu hawalijui hilo.

Na kuna Karura. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu huo wa umma, ndani ya Nairobi, zilikuwa zimegawiwa wajenzi. Wangari Maathai, ambaye kabla ya hapo alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda huko na wenzake kupanda miche. Januari 8, 1999 walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kutia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwezi huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta wakaingia barabarani kuutetea msitu, wakakabiliwa na polisi, na masomo yakasimamishwa. Agosti 16 mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu upo hadi leo, zaidi ya hekta 1,000, na watu wa Nairobi wanatembea humo kwa miguu na baiskeli.

Wanafunzi wale walitoa walichokuwa nacho, na wengine waliumia. Nawaheshimu. Lakini kilichoufanya Karura uwe salama siku baada ya siku ni mambo yaliyofuata: uzio, walinzi, viingilio vinavyolipa mishahara, chama cha raia kinachoshirikiana na idara ya misitu, na watu wanaoondoa mimea vamizi mwaka hadi mwaka. Maandamano yaliuokoa msitu usigawanywe. Kuutunza kunahitaji taasisi isiyohitimu.

Mfano wa taasisi ya namna hiyo tunao hapa nyumbani. Mazumbai, katika Usambara Magharibi, ni msitu wa asili wa hekta 320 hivi. Mmiliki wake, Mswisi John Tanner, aliukabidhi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilipoanzishwa mwaka 1984 ukawa chini yake. Vizazi vya wanafunzi wa misitu wamepanda milima ile kupima miti ileile. SUA pia ina msitu wa mafunzo wa miombo huko Kitulang'halo, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Humo vipande vya ardhi vimewekewa alama, miti ikapewa namba, na kila kundi jipya la wanafunzi linaanzia pale lilipoishia kundi lililopita. Nje ya mipaka mkaa unachomwa. Ndani kuna kumbukumbu. Ukiuliza misitu ya miombo hukua kwa kasi gani baada ya kukatwa, majibu mengi ya nchi hii yanatoka kwenye vipande kama hivyo.

Mlimani panahitaji utaratibu huo juu ya ardhi yake yenyewe, na hali kadhalika Dodoma, Mbeya, Zanzibar na kokote chuo kinapopanuka. Si jambo la fedha nyingi. Vipande kumi vyenye alama za kudumu, kila kimoja na idara inayowajibika. Miradi ya mwaka wa tatu ipangwe irudi kwenye vipande hivyo, badala ya kila mwanafunzi kujitafutia kichaka chake. Takwimu ghafi, si tasnifu tu, zikabidhiwe kabla ya jina la mtu kupelekwa kwenye orodha ya wahitimu. Picha za simu zina nafasi yake pia: kwenye jukwaa la mtandaoni la iNaturalist, picha yenye mahali na tarehe huthibitishwa na watu wengine wanaoijua aina hiyo, kisha hupatikana kwa mtafiti yeyote duniani, hata kama aliyeipiga alikuwa anasoma uhasibu. Kundi la wanafunzi mia wenye simu za kawaida linaweza kukusanya kwa muhula mmoja kile ambacho mhadhiri mmoja hakipati kwa miaka mitano. Kazi ya mhadhiri inabaki kukagua na kusahihisha, na ya mtunza hebaria kuhifadhi, kwa kuwa hao wawili hawaondoki Julai.

Kisha orodha itumike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na inawapa wananchi nafasi ya kusikilizwa. Mara nyingi mtaalamu wa tathmini anapewa wiki chache, tena zikiangukia kiangazi, wakati vyura wamejificha ardhini na mimea mingi haina maua. Anaandika alichokiona. Wanafunzi wenye kumbukumbu za masika na vuli za miaka kumi wanaweza kuweka mezani alichokosa kukiona, na kupendekeza jengo lisogezwe mita 50. Kusogeza mchoro mita 50 hakumnyimi mtu kitanda. Chuo kinachofundisha mambo haya kikiwa cha kwanza kuyatenda kwenye ardhi yake, wahitimu wake watakaoajiriwa wizarani, halmashauri na makampuni ya ujenzi watakwenda nayo kama jambo la kawaida la kazi.

Wakati mzuri wa kuanza ni Novemba. Mwaka wa masomo unakuwa umefunguliwa, mvua za vuli zinaanza, vyura wanalia kila penye dimbwi na vichaka vinachanua. Mwaka wa kwanza bado hawajazidiwa na majaribio, na mbele yao wana miaka mitatu.